Asiyoyasema babu, daftari la ubatizo huyasema

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale walioyakosa.)

Ndugu msikilizaji, hebu jaribu jambo moja kabla hatujaendelea. Taja jina la mama mzazi wa babu yako mzaa baba. Sisemi jina la ukoo wake, nasema jina lake yeye mwenyewe, lile aliloitwa alipokuwa akitumwa maji. Nilipouliza swali hili hewani, majibu yaliyonifikia yalikuwa mengi, na karibu yote yalisema kitu kimoja: babu mzaa babu tunamjua, maana hutajwa kwenye hotuba za harusi na kwenye matanga; mkewe hatumjui. Ukoo wa mtu, kama tunavyousimulia, ni msururu wa wanaume waliozaana wenyewe kwa wenyewe.

Kati ya majibu hayo ilikuwamo barua ya kijana mmoja, fundi umeme, anayeishi Mbagala lakini kwao ni Igamba, Wilaya ya Mbozi, katika mkoa ambao tangu 2016 tunauita Songwe. Baba yake alifariki, wakaenda kuzika. Matanga yalipokwisha kukazuka mazungumzo ya shamba la kahawa. Hapo ndipo mzee mmoja, binamu ya marehemu, akasema mbele ya watu: "Wanangu, msitusumbue. Nyinyi hapa ni wageni tu. Mama yake babu yenu aliletwa."

Kijana anaandika: "Ndugu mtangazaji, nimeishi miaka thelathini na nane sijawahi kusikia neno hilo likisemwa juu yetu. Nilipowauliza shangazi zangu, wote walitazama chini. Nifanye nini?"

Waliokulia Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufafanuliwa neno hili. Kuletwa si kuolewa. Mwanamke anayeolewa ana kwao. Kuna mshenga aliyekwenda na kurudi, kuna ng'ombe au majembe yaliyotolewa, na kuna wajomba ambao siku mtoto akiugua watakuja kuuliza. Aliyeletwa hana mjomba. Alifika na msafara, au alishikwa vitani, au alitolewa rehani na watu wake wakati wa njaa na hawakurudi kumkomboa. Ni neno la adabu linalofunika neno lisilo la adabu, nalo ni mtumwa.

Na Unyiha ya karne ya 19 ilikuwa nchi ambayo watu waliletwa na kupelekwa sana. Wanyiha hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na watemi wengi wadogo wadogo, kila mmoja na nchi yake, kama alivyoeleza Beverley Brock katika sura yake juu ya Wanyiha kwenye kitabu cha historia ya Tanzania kabla ya 1900 kilichohaririwa na Andrew Roberts na kutoka 1968. Nchi ya namna hiyo ilikuwa rahisi kuvamiwa. Upande wa mashariki walikuwako Wasangu wa Merere, upande wa kusini magharibi Wabemba, na katikati ikapita misafara ya pembe za ndovu na ya watu iliyoelekea pwani. Miaka ya 1890 ikaja sotoka ikafagia ng'ombe. Mtu mwenye deni na asiye na ng'ombe alilipa na nini? Mara nyingi alilipa na mtoto, na mara nyingi mtoto huyo alikuwa wa kike.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Mzungu alipofika utumwa ulikoma. Haukukoma hivyo. Wajerumani walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia Januari 1, 1906 watakuwa huru. Mama zao wakabaki walivyokuwa. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilipitishwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo mtu anayesema leo kuwa bibi mzaa babu yake "aliletwa" hasemi habari za zama za kale. Anamzungumzia mtu ambaye huenda babu yake alimshika mkono kumpeleka kisimani.

Sasa, kanisa linaingiaje humu?

Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1895 wakafungua Utengule, ile ya karibu na Mbalizi, si ile ya Usangu. Mwaka 1899 wakafika Mbozi. Mmisionari aliyeanza kazi Mbozi aliitwa Traugott Bachmann, na alikaa hapo hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipomwondoa. Alijifunza Kinyiha hasa, si cha kuombea maji tu, na Agano Jipya katika lugha hiyo lilichapwa mwaka 1913. Hata aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya mwinjilisti mmoja wa huku aitwaye Ambilishiye. Mtu mweusi wa Mbozi kuandikiwa kitabu zama zile, wakati serikali ilimwandika kwenye orodha ya kodi tu, si jambo dogo.

Ni akina nani waliokuwa wa kwanza kuhamia karibu na misheni? Hapa ndipo watu hukasirika nikisema, lakini nitasema. Kwa sehemu kubwa hawakuwa watoto wa watemi. Walikuwa wale wasio na pa kushika: wajane waliokataa kurithiwa, wanawake waliotoroka mabwana zao, vijana waliotekwa utotoni wakasahau njia ya kwao, watu wa rehani. Mtemi alikuwa na ukoo wake, ana ng'ombe wake, misheni ya nini? Aliyeletwa ndiye aliyehitaji mahali ambapo mtu hamuulizi wajomba zako ni nani. Matokeo yake ni kichekesho cha historia: yule ambaye ukoo haukutaka kumkumbuka ndiye aliyeandikwa kwanza kwa wino.

Wamoravian, nao, ni watu wa kuandika. Makao yao ni Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani ulioanzishwa 1722, na tangu karne ile ya 18 wana desturi ambayo sijaiona kwingine: kila mshirika aache habari za maisha yake, ameziandika mwenyewe au kuandikiwa, zisomwe siku ya maziko yake. Pamoja na hayo kila kituo cha misheni kilikuwa na shajara, yaani daftari la siku kwa siku, na habari zake zilipelekwa Herrnhut. Shajara hizo hazisemi habari za Mungu tu. Zinasema nani kagombana na nani, mvua imenyesha lini, nani kakimbilia misheni usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Utengule. Huko aliishi mke wa mmisionari, Elise Kootz-Kretschmer, ambaye aliketi na wanawake watu wazima akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Mmoja aliitwa Narwimba, mwingine Chisi. Ni habari za kutekwa, kutolewa, kutoroka, kurudishwa, kupoteza watoto, kupata wajukuu. Mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, alizikusanya tena na kuzichambua katika kitabu cha 1993 kuhusu watumwa na wanawake wa eneo letu hili. Narwimba hakujua kusoma. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wanamsoma yeye, na mimi nina wasiwasi kama kuna shule moja Mbeya au Songwe inayomfundisha.

Litazame tena jina lile: Narwimba. Watu wa Tunduma na Mbozi watakuwa wameshang'amua. Kwa Wanyamwanga, na kwa Wanyiha vilevile, mwanamume wa ukoo huanza na Si- na mwanamke huanza na Na-. Dada wa Simfukwe ni Namfukwe. Dada wa Simwinga ni Namwinga. Dada wa Silwimba ni Nalwimba, na Mjerumani ambaye sikio lake halikutenganisha l na r ataandika Narwimba. Na zaidi ya hapo, mwanamke huyu akiolewa haliachi jina la kwao. Anakufa nalo. Maana yake ni kwamba daftari la ubatizo likiandika jina la mama wa mtoto, limekwisha kukuambia mama huyo ni binti wa ukoo gani, hata kama mumewe, wakwe zake na wajukuu wake wote wanaapa kwamba hana kwao.

Turudi kwa kijana wetu. Alipewa ruhusa kazini siku saba, akapanda basi. Alianza kwenye ofisi ya ushirika wa kwao, akaambiwa na mzee wa kanisa kwamba vitabu walivyo navyo vinaanzia baada ya uhuru, vya nyuma viko kituo cha zamani. Akaenda huko. Akaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amekwenda msibani. Siku ya nne akafunguliwa.

Alinipigia simu jioni ile. "Shikamoo mzee. Nimekuta kitabu, lakini sikielewi. Kama vile aliyeandika alikuwa anatetemeka."

Hakuwa anatetemeka. Hiyo ndiyo hati ya Kijerumani ya zamani, yenye herufi zilizolala na kuchongoka, ambayo hata Mjerumani wa leo asiyejifunza hawezi kuisoma. Nilimwambia nitakayowaambia na nyinyi, kwa kuwa ndiyo yanayowakwamisha wengi.

Kwanza, Mjerumani aliandika Kiafrika kwa masikio ya kwao. Sauti yetu ya y aliiandika j. Ch yetu ilikuwa tsch, sh ilikuwa sch, j yetu ilikuwa dsch. Mlima wetu mrefu waliuandika Kilimandscharo, na hawakuona ajabu. Basi ukitafuta Siyame na huoni, tafuta Sijame. Ukitafuta Sichone, tafuta Sitschone. Usitafute jina kwa macho, litafute kwa mdomo: lisome kwa sauti kama lilivyoandikwa, usikie linafanana na nini.

Pili, tarehe ya kubatizwa si tarehe ya kuzaliwa. Miaka ile ya mwanzo waliobatizwa walikuwa watu wazima, baada ya kufundishwa kwa muda mrefu, na umri wao ulikadiriwa kwa kutazamwa usoni. Aliyeandikwa "miaka 30" anaweza kuwa na 22 au 40. Njia ya kusahihisha ni ileile ya wazee: alizaliwa kabla ya sotoka au baada? Alikuwa ameshaota meno wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza? Ugonjwa mkali wa mafua wa 1918 ulimkuta ananyonya? Nzige wa miaka ya 1930 walimkuta ameoa? Matukio haya yana miaka yake inayojulikana, nawe ukiyapanga vizuri utafika karibu na ukweli kuliko yule mmisionari aliyekadiria.

Tatu, jina lenyewe. Usidhani babu yako alibatizwa Yohana kwa kuwa mjomba wako ni Yohana. Kusini mwa nchi yetu wabatizwa wengi walichukua majina ya imani katika lugha zao wenyewe, na ndiyo maana Rungwe na Kyela wamejaa akina Lusajo, yaani baraka, na Atupele, ametupa, na Tuntufye, tumsifu. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utoto, jina la ubatizo, jina la ukoo na jina alilopewa kwenye orodha ya kodi, na majina yote manne yasikae kwenye kitabu kimoja. Mimi nasema hii ndiyo sababu kubwa ya watu kutoka mikono mitupu. Hawakukosa mtu, walikosa jina.

Nne, na hili nalisema polepole. Mume mwenye wake wawili aliwasumbua sana waandishi wa vitabu vya kanisa. Kanisa lilitambua ndoa moja, na kila dhehebu lilikuwa na njia yake ya kukabili nyumba ya aina hiyo. Hivyo usishangae kukuta watoto wa baba mmoja, wengine wameandikwa na baba na mama, wengine na mama peke yake. Kukosekana kwa jina la baba hakumaanishi mtoto hakuwa na baba. Yawezekana baba alikuwa amesimama nje ya mlango wa kanisa, hakuruhusiwa kuingia.

Kijana alikaa na kitabu kile siku mbili, mwinjilisti mmoja mstaafu akimsaidia. Alimwona babu yake, mtoto mchanga, amebatizwa. Baba wa mtoto ameandikwa, na ni yuleyule ambaye yule mzee wa matangani anamwita babu. Mama ameandikwa pia, kwa jina linaloanza na Na-, na pembeni yake neno moja la Kijerumani ambalo mwinjilisti alilitafsiri kuwa "aliyebatizwa mtu mzima".

Huo ndio ukurasa mzima. Hakuna neno mtumwa. Hakuna habari za msafara. Mistari miwili tu ya wino uliogeuka kahawia.

Lakini tupime mistari ile inasema nini. Inasema kwamba mtoto alikuwa na baba, na baba alikiri mbele ya watu. Katika jamii zinazofuata upande wa baba, na Wanyiha ni miongoni mwao, mtoto wa mwanamume wa ukoo ni wa ukoo, awe mama yake ametoka ikulu au ametoka rehani. Hoja ya yule mzee kwamba wajukuu wa aliyeletwa ni wageni haina miguu hata kwa mila anazozitetea. Na inasema jambo la pili: kwamba bibi yule alikuwa binti wa watu. Alikuwa na ukoo, na aliutaja mwenyewe siku alipoulizwa na mtu mwenye kalamu.

Isitoshe, daftari la ubatizo si hati ya shamba. Nimemwambia kijana hivyo na nawaambia na wengine mliotuma maswali ya viwanja. Linaweza kusaidia kuthibitisha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya nyaraka ambazo RITA huzitazama mtu mzima anapoomba cheti cha kuzaliwa, na huko kuna faida kubwa kwa wazee wetu wasio na karatasi yoyote. Lakini shamba lina mashahidi wake, lina mipaka yake, lina baraza lake. Shauri la Igamba liko mikononi mwa wahusika na si kazi yangu kuliamua kutoka studio.

Wakatoliki walioniandikia wanauliza kama na wao wana kitu. Wanacho, na pengine kilichopangwa vizuri zaidi. Mtaguso wa Trento wa karne ya 16 uliagiza mapadri waandike ubatizo na ndoa. Uzuri wa kitabu cha Kikatoliki uko pembezoni mwa ukurasa. Mtu akioa au kuolewa, hata kama ni parokia ya mbali, taarifa inapaswa kurudishwa kule alikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Desturi hii imekazwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwa hiyo ubatizo wa Mbozi unaweza kukupeleka kwenye ndoa ya Tabora. Ameandikwa pia msimamizi wa ubatizo, na msimamizi mara nyingi ni jirani au ndugu ambaye familia imeshamsahau. Mapadri waliandika Kilatini, lakini ni Kilatini chepesi, maneno kumi yanayojirudia.

Na jambo hili si la bara peke yake. Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na Freretown pale Mombasa, ambako misheni ya Waanglikana ilianzisha makazi ya walioachwa huru mwaka 1875, wako watu ambao ukoo wao wote unaanzia kwenye kitabu cha misheni, kwa sababu aliyewazaa alifika hapo mtoto, hajui hata lugha ya kwao iliitwaje. Wapo wanaoona aibu. Sijui aibu ya nini. Aliyepaswa kuona aibu ni aliyeuza.

Rika langu tulilia tulipoziona kwenye video habari za Kunta Kinte, zilizotokana na kitabu cha Alex Haley cha 1976. Baadaye wanahistoria walitilia shaka sehemu za safari yake, hasa yale aliyosimuliwa na mzee wa kule Gambia. Sisemi hili kumpunguzia Haley, maana aliwafungulia njia mamilioni. Nasema kwa sababu linatufundisha kazi ilivyo. Masimulizi ya mzee na karatasi ya ofisi ni mashahidi wawili, na shahidi mmoja hasemi kwa niaba ya mwenzake. Mzee husahau na huficha. Karatasi nayo hukosea na huruka, na iliandikwa na mgeni aliyekuwa na mambo yake.

Huruka hasa wakati wa vita. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaitwaa nchi hii ya kusini magharibi, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wazee wa kanisa wa Kiafrika wakabaki na kondoo, wakabaki na vitabu, wakati huohuo vijana wakichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi na wengi wasirudi. Waskochi wa misheni ya Livingstonia, kutoka nchi ambayo sasa ni Malawi, wakasimamia kazi hadi Wamoravian waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Ukikuta ukoo wako umekatika kati ya 1916 na 1926, usikate tamaa, bali jiulize ni nani aliyekuwa ameshika kalamu. Mafungu ya miaka hiyo yanaweza kuwa kwenye mafaili ya Waskochi, Zomba au Edinburgh, na si Herrnhut. Halafu mwaka 1939 vita vikaja tena na Wajerumani wakafungwa tena.

Na hapa tunafika Tunduma. Mpaka ule mnaouvuka kwa pikipiki na magunia ya mchele ulichorwa Ulaya, kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ukapita katikati ya Wanyamwanga bila kuwaomba hodi. Upande wa pili, si mbali na Nakonde, kuna Mwenzo, kituo walichokianzisha Waskochi wa Livingstonia katika miaka ya 1890. Pale ndipo alipofundisha Donald Siwale, na ndipo ulipozaliwa ule umoja wa Mwenzo ambao wanahistoria wa Zambia wanauhesabu kuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya Waafrika katika nchi yao. Tangu 1965 kanisa hilo limo ndani ya United Church of Zambia. Kwa familia nyingi za Tunduma, na kwa bibi wengi "walioletwa" Igamba na Vwawa, kitabu cha ndugu zao kiko ng'ambo ile, umbali wa safari ya asubuhi. Watu wa Dar es Salaam wako tayari kuandika barua Ujerumani kabla ya kuvuka Tunduma. Vukeni kwanza.

Serikali nayo isisahauliwe. Nyaraka za Taifa pale Upanga zina mafaili ya Kijerumani na ya Kiingereza, na zipo nakala za vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika koo za watemi. Ila tahadhari: zile ni koo za watawala, zilizoandikwa ili kuamua nani awe mtemi, na kila aliyehojiwa alijua kinachotafutwa. Utemi ulifutwa 1963. Uongo uliosemwa kwa ajili yake bado uko kwenye faili.

Nimalizie na hali ya vitabu vyenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niyalete mazungumzo haya hewani badala ya kumjibu kijana kwa barua. Katika ofisi moja niliyoingia mwenyewe, ambayo sitaitaja, kitabu cha miaka ya kati ya vita viwili kilikuwa chini kabisa ya kabati, sakafu ya udongo, na mchwa walikuwa wamekula kona ya chini ya kila ukurasa hadi wakafika kwenye safu ya majina ya mama. Majina ya baba yalikuwa salama. Katika operesheni ya vijiji ya 1974 tuliacha makaburi mengi kwenye mahame, na leo juu yake kuna mahindi. Kwa wengi wetu kaburi halipo tena, kimebaki kitabu. Watu husafiri kutoka mbali kwenda Ndolezi kukitazama kimondo, chuma cha tani nyingi ambacho hata mchwa hawakiwezi. Kitabu chenye jina la bibi yako kiko karibu na hapo na hakuna anayelipa kiingilio.

Dawa yake si ghali. Simu ya mkononi yenye kamera nzuri, kitambaa cheupe, mwanga wa dirishani, na vijana wawili wa kwaya wenye mikono misafi wanaweza kupiga picha kitabu kizima kwa siku moja. Nakala moja ibaki ushirikani, moja ipelekwe makao ya jimbo. Kitabu chenyewe kiondolewe sakafuni.

Lakini kuna vitabu viwili, si kimoja, na hapa natofautiana na baadhi ya wasikilizaji wanaotaka kila kitu kiwekwe wazi. Kuna daftari la ubatizo, ndoa na vifo, na kuna daftari la nidhamu: nani alitengwa, kwa kosa gani, na nani, akarudishwa lini. La kwanza naona ni mali ya wajukuu, wapewe bila kuzungushwa. La pili linawataja watu ambao watoto wao wako hai na wanakaa kiti kimoja kanisani na watoto wa waliowashtaki. Tangu 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata kabla ya sheria kulikuwa na busara. Daftari hilo lipigwe picha ili lisipotee, kisha lifungiwe, na ufunguo ashike mchungaji mpaka kizazi kile kiwe kimepita.

Mama mmoja wa Mlowo ameniuliza kama habari za maisha zilizosomwa kwenye maziko ya Wamoravian wa zamani zinaweza kupatikana. Za waliozikwa zamani za wamisionari, baadhi zilipelekwa Herrnhut, na ofisi ya kumbukumbu ya kule hujibu barua. Andika jina la kituo, miaka, na jina la mtu kwa tahajia zote mbili, yetu na ya Kijerumani. Za waliozikwa baadaye, mama, angalia kwanza ndani ya Biblia ya marehemu. Huko ndiko watu walikokuwa wakizikunja na kuziweka.

Juma lijalo nitasoma barua za Kyela na Rungwe, ambako wasikilizaji watatu wamegundua kwamba wanatafuta babu mmoja.